Kabla Hujaaga Mombasa: Mwongozo Kamili kwa Anayekwenda Kutumikia Nje kwa Mwaka au Zaidi

Mtu akishapata barua ya kukubaliwa kwenda kujitolea nje ya nchi, akili yote huhamia kwenye sanduku. Marafiki wanamuuliza baridi ataifanyaje, mama anamuuliza atakula nini. Lakini kwa ninavyowaona vijana wetu wa Pwani, wengi wanaokatiza muda wao na kurudi mapema hawarudishwi na baridi wala chakula. Wanarudishwa na jambo la nyumbani lililoachwa likining'inia: deni, mzazi mgonjwa asiye na wa kumpeleka hospitali, kiwanja chenye ugomvi, laini ya simu iliyofungwa na pesa zimo ndani. Kwa hiyo hapa nyumba itatangulia, na sanduku litakuja karibu na mwisho.

Nazungumza na muuguzi, mwalimu, fundi au kijana aliyemaliza chuo anayekwenda kwa mwaka mmoja au miwili, awe amepelekwa na Umoja wa Mataifa, na Umoja wa Afrika, na kanisa lake au na shirika la misaada la Kiislamu. Ukianza maandalizi miezi sita kabla ya safari utayafanya kwa utulivu. Miezi mitatu inawezekana, kwa mbio. Mwezi mmoja ni taabu tupu.

Kwanza, hakikisha wito wenyewe ni wa kweli

Programu ya Wanaojitolea ya Umoja wa Mataifa, UNV, ilianzishwa mwaka 1970 na makao yake makuu yako Bonn, Ujerumani. Anayechukuliwa hupewa posho ya kujikimu kila mwezi, bima ya afya na nauli ya kumfikisha kituoni. Umoja wa Afrika nao una kikosi chake cha vijana wa kujitolea, kilichozinduliwa mwaka 2010, kinachochukua walio kati ya miaka 18 na 35 kwa miezi 12. VSO, shirika la kujitolea la Uingereza, lipo tangu 1958. UNV haimtozi mwombaji hata senti, na shirika lolote la kweli halikuulizi pesa ya fomu, wala pesa ya kupimwa iliyotumwa kwenye namba ya mtu binafsi. Ukiombwa hiyo, funga mazungumzo. Na kama anayekupeleka ni wakala wa ajira, tafuta jina lake kwenye orodha ya mawakala wenye leseni ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA, kabla hujampa hata nakala ya kitambulisho.

Kisha usome mkataba mstari kwa mstari, ukiwa na mtu mwingine pembeni. Nani analipa viza? Bima inaanza siku unayopanda ndege au siku ya kuripoti kazini? Ukiugua sana, nani anakurudisha nyumbani? Ukifariki, nani anasafirisha maiti? Swali hili la mwisho watu wanaona haya kuliuliza. Uliza, tena upate jibu kwa maandishi, kwa sababu siku hiyo ikifika atakayehangaika ni mamako wala si wewe.

Shika na hili: posho si mshahara. Inakutosha kula, kulala na nauli za kule uliko. Ukiondoka ukiwa umewaahidi watu utajenga nyumba kwa posho, umeshajitia kitanzi.

Karatasi

Pasipoti huombwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kisha unakwenda kwa alama za vidole na picha katika ofisi ya uhamiaji iliyo jengo la Uhuru na Kazi. Kama tayari unayo, tazama tarehe ya mwisho. Nchi nyingi zinataka iwe na angalau miezi sita mbele ya siku ya kuingia, na wewe unakwenda miaka miwili. Pasipoti inayokwisha katikati ya huduma ni balaa, maana huenda ubalozi wa Kenya ulio karibu nawe uko nchi nyingine.

Cheti cha tabia njema nacho huombwa eCitizen, kwa shilingi 1,050. Fomu ya C24 inapigwa chapa pande zote mbili za karatasi moja, ndipo uende kuchukuliwa alama za vidole. Ukiwa kisiwani, Huduma Centre ya jengo la Posta, Barabara ya Digo, ni rahisi kufikika. Nenda asubuhi mapema. Wanaofanya kazi na watoto au wagonjwa hawakwepi cheti hiki.

Vyeti vya shule na vya kazi huhitaji kuthibitishwa na wakili, na mara nyingi na Wizara ya Mambo ya Nje pia. Vituo vingi vya maombi ya viza viko Nairobi, kwa hiyo panga safari moja ya kumaliza mawili matatu kwa pamoja badala ya kupanda na kushuka. Anayekwenda Uingereza kwa zaidi ya miezi sita lazima pia apimwe kifua kikuu kwenye kliniki iliyoidhinishwa, na cheti hicho hudumu miezi sita tu, basi usikiwahi mno.

Piga picha kila karatasi. Nakala moja ibaki kwenye barua pepe yako, nyingine kwa mtu wa nyumbani unayemwamini.

Mwili

Chanjo ya homa ya manjano ndiyo itakayoulizwa mpakani, kwa sababu Kenya imo katika orodha ya nchi zenye hatari ya ugonjwa huo. Chanjo moja inatosha maisha. Tangu Julai 2016 kanuni za Shirika la Afya Duniani haziruhusu nchi kudai irudiwe. Lakini kile kitabu cha manjano cha kuthibitisha chanjo huanza kukubalika siku 10 baada ya sindano. Ukichanjwa Jumatatu na ndege ni Ijumaa, unaweza kuzuiwa ukifika.

Homa ya ini aina ya B ndiyo inayohitaji kuwahiwa kuliko zote: ni sindano tatu, ya pili mwezi mmoja baada ya ya kwanza, na ya tatu mwezi wa sita. Muuguzi au mkunga asiende bila kuimaliza. Pepopunda, homa ya matumbo na uti wa mgongo, muulize daktari kulingana na nchi. Meno yang'olewe au yazibwe hapa hapa. Bima nyingi za wanaojitolea hulipia mengi, lakini kwenye meno ni bahili.

Kuna mambo mawili yanayotuhusu hasa sisi wa Pwani. Selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, imo katika koo nyingi huku. Kama hujawahi kupimwa, pima, hasa ukiwa unakwenda mahali pa juu. Addis Ababa iko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na sisi tumezaliwa ufukweni; mwenye ugonjwa huo anaweza kupata maumivu makali kwa sababu hewa ya juu ina oksijeni kidogo. Ajue mapema, daktari wake ajue, na kituo kichaguliwe kwa kuzingatia hilo.

La pili ni malaria. Mtu aliyekulia Kisauni au Kwale huwa na kinga fulani aliyoijenga kwa kuumwa na mbu mwaka baada ya mwaka, ndiyo maana malaria kwake huonekana kama homa ndogo. Kinga hiyo haikai. Ukiishi mwaka au miwili mahali pasipo na malaria, inapungua, na ukirudi nyumbani unakuwa karibu sawa na mgeni. Siku ya kurudi uje na azma ya kulala ndani ya chandarua, na homa yoyote uipime siku hiyo hiyo. Vile vile ukiugua homa miezi ya mwanzo huko Ulaya au Asia, mwambie daktari kwa kinywa chako: "Nimetoka ukanda wa malaria." Daktari wa kule asiyeiona malaria mara kwa mara anaweza kukutibu mafua huku vimelea vinazaana.

Nyumba

Hapa ndipo penye kazi kubwa, na hapa ndipo watu wanapopita mbio.

Itisha kikao. Si sherehe ya kuaga, ni kikao: wazazi, ndugu zako, na mtu mzima mmoja ambaye neno lake linasikizwa, awe ami, mjomba au shangazi. Njoo na karatasi na kalamu. Nilikuwapo kwenye kikao kimoja Majengo, binti muuguzi akizunguka na maneno, hataki kulitaja lililomleta. Mwisho akasema, "Mama, na ukiugua nami niko huko?" Mama akamjibu, "Mwanangu, kuugua ni kwa Mungu. Wewe niambie tu nani atanipeleka." Baada ya hapo kikao kikaenda vizuri, kwa sababu mama alikuwa ameuliza swali lenye jibu.

Basi andikeni majibu ya namna hiyo. Nani anampeleka mzee kliniki ya presha na sukari, na tarehe ngapi. Nani ananunua dawa zikibaki za wiki moja, si zikiisha. Nani ananunua tokeni za stima. Nani anaitwa usiku. Msimamizi si lazima awe mkubwa wenu. Awe yule anayeishi karibu na mwenye nafasi. Kaka aliye Nairobi atume pesa, dada aliye mtaa wa pili ashike kazi ya mikono, na wote wawili waheshimiwe sawa.

Wazazi wasajiliwe na SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Wasio na mshahara hukadiriwa mchango wa mwaka, na kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka. Lipa kabla hujaondoka, na uandike kwenye ile karatasi tarehe ya kulipa tena.

Pesa za kutuma zitajeni mbele ya wote. Sema kiasi kimoja, kidogo kuliko unachodhani utaweza, na useme wazi kuwa michango ya harusi na ya maziko itatoka humo humo au haitatoka. Ukilisema ukiwa umekaa kwenye mkeka wa nyumbani, litapokelewa. Ukilisema kwa ujumbe wa simu kutoka ng'ambo, utaambiwa umebadilika.

Madeni yako yote yaandike: ya duka, ya chama, ya mikopo ya simu kama Fuliza, ya mkopo wa masomo wa HELB. Ya watu lipa au keti na mwenyewe mkubaliane. HELB hawasubiri, aliye na kazi ya kujitolea bado anadaiwa, na faini hukua kila mwezi, kwa hiyo wasiliana nao mapema. KRA, mamlaka ya kodi, vile vile: ritani za kodi za mwaka uliopita hutakiwa kufikia Juni 30, na kuchelewa kunaleta faini isiyopungua shilingi 2,000 hata kama hukupata kitu. Zinajazwa kwenye mtandao kokote uliko, ukikumbuka neno la siri.

Kama una nyumba ya kupangisha, shamba au kesi, mpe mtu hati ya uwakilishi iliyoandikwa na wakili. Iandikwe kwa ufinyu: akusanye kodi, alipe ada za kaunti, afike ofisini kwa niaba yako. Usimwandikie mamlaka ya kuuza, hata akiwa ndugu wa tumbo moja. Hati inayogusa ardhi husajiliwa katika ofisi ya ardhi, na bila usajili huo haimfikishi mbali. Hati miliki yenyewe iweke benki.

Kisha andika wasia. Mwislamu anajua kuwa deni hulipwa kwanza, kwamba anachoweza kuusia hakizidi thuluthi na hakiendi kwa mrithi, na kilichobaki kina mafungu yake. Lakini orodha ya amana na madeni hakuna anayeijua ila yeye. Iandike, na ukitatizwa nenda kwa Kadhi. Asiye Mwislamu aandike wasia wake mbele ya mashahidi wasiopungua wawili. Kijana wa miaka 25 ataona haya ni ya wazee. Anayekwenda kufanya kazi Sudan Kusini au Somalia asione hivyo.

Na kuna zungumzo zito kuliko yote. Katika nyumba za Kiislamu maiti hazikawii. Mtu akifa alfajiri, aghalabu alasiri ameshazikwa. Aliye Juba au Kathmandu hawezi kuwahi. Mzungumze hili na wazazi mngali mnaonana: kwamba likitokea, wasikungoje, na wewe hutakuwa na kinyongo. Waombe radhi, nao wakuombe. Wenzetu ambao maziko yao husubiri siku kadhaa wana swali jingine: nauli ya kurudi itatoka wapi? Tenga akiba ya tikiti moja ya ndege, isiyoguswa kwa lolote jingine. Nimeona mtu akipokea habari ya msiba akiwa hajawahi kuongea haya na wake, na maumivu ya kufiwa yakaongezewa na lawama ambazo kikao cha saa moja kingeziondoa.

Simu na pesa

Laini yako ya M-Pesa usimwachie mdogo wako pamoja na namba ya siri. Najua ndivyo watu wanavyofanya. Laini hiyo ndiyo inayopokea namba za uthibitisho za benki, za eCitizen na za KRA. Mwenye laini ni wewe kwa kila ofisi. Ondoka nayo, uwashe huduma ya kutumia laini nje ya nchi ukiwa bado Mombasa, na uitumie mara kwa mara hata kwa ujumbe mmoja, kwa sababu laini iliyolala muda mrefu hufungwa na namba yake kupewa mtu mwingine. Pesa za matumizi ya nyumbani zitume kwa msimamizi, kwa namba yake mwenyewe.

Ijulishe benki kwamba unasafiri na uangalie kadi yako inaisha lini. Beba dola kidogo za kukufikisha wiki ya kwanza. Noti ziwe safi, zisiwe zimechanika wala kuandikwa, maana sehemu nyingi huzikataa.

Sanduku

Ndege nyingi zinaruhusu begi la kilo 23. Soma tikiti yako, kisha pima nyumbani.

Koti la baridi linunue Kongowea. Makoti mazito yanakuja ndani ya mitumba na hapa kwetu hayana wateja, kwa hiyo bei yake ni ya kutupa ukilinganisha na madukani. Chukua muda: peleka zipu juu na chini mara kadhaa, pindua koti uone mshono wa kwapani, ingiza mkono kila mfuko. Lakini koti moja zito pekee halitoshi. Kinachotunza joto ni nguo nyepesi kadhaa zilizovaliwa moja juu ya nyingine. Viatu vya theluji nunua huko huko.

Leso jozi mbili, hata kama wewe ni mwanamume chukua kikoi: ni shuka, ni taulo, ni pazia, ni zawadi kwa mwenyeji wako. Bizari, iliki na mdalasini kutoka Marikiti visagwe, vifungwe vizuri na kuandikwa majina. Nyama na vitu vya maziwa, samli ikiwemo, usipeleke nchi za Umoja wa Ulaya, vitachukuliwa. Mifuko ya plastiki usiingie nayo Rwanda, wameipiga marufuku tangu 2008.

Miraa na muguka acha kabisa. Uingereza imeipiga marufuku miraa tangu 2014, na katika nchi nyingi ni dawa ya kulevya kama nyingine. Na usibebe kifurushi cha mtu usichokifunga mwenyewe, hata kama ni cha jirani aliyekulea. Kataa kwa adabu, ukatae tena. Dawa zako za hospitali zibaki kwenye pakiti zake pamoja na cheti cha daktari. Dawa za maumivu zenye kodeini au tramadoli zinaweza kukutia ndani ukipitia Dubai bila idhini.

Siku za mwisho

Soma saa ya tikiti vizuri. Tikiti ikiandika Ijumaa 02:40, ni saa nane na dakika arobaini usiku wa kuamkia Ijumaa, yaani uwanjani unaingia Alhamisi usiku. Kuna waliokosa ndege kwa hesabu hii.

Uwanja wa ndege wa Moi uko bara, upande wa Port Reitz, na njia ya Changamwe ina malori ya bandarini usiku na mchana. Anayetoka Likoni ahesabu na feri. Ukisafiria Nairobi kwa treni ya Miritini, panda siku moja kabla. Kituo cha Syokimau hakiko mbali na uwanja wa Jomo Kenyatta, lakini treni ikichelewa ndege haikungoji.

Dua na kuagana vifanyike siku mbili kabla. Usiku wa mwisho ulale, uwe na watu wa ndani tu.

Ukifika

Wiki ya kwanza jisajili na ubalozi wa Kenya, na utume nyumbani anwani yako, jina la mkuu wako wa kazi na namba ya bima. Tafuta msikiti au kanisa kabla hujatafuta duka. Sisi tulio nyuzi nne kusini mwa ikweta tumezoea jua linalotua karibu saa ile ile mwaka mzima. Bonn mwezi Desemba jua hutua kabla ya saa kumi na moja jioni, na unyonge utakaousikia una sababu ya mwilini pia. Toka nje mchana, na muulize daktari kuhusu vitamini D.

Piga simu nyumbani siku maalumu ya juma, si kila jioni. Wanaopiga kila jioni huishi Mombasa kwa masikio na hawafiki waliko. Uamuzi wa kurudi usiufanye katika wiki za mwanzo. Mwezi wa tatu itisheni kikao tena kwa simu, msome ile karatasi pamoja, na mbadilishe yasiyofanya kazi: pengine kliniki imehamishwa siku, pengine dada amepata kazi na mzigo unahitaji bega jingine.